Tawi kwenye Njia Panda ya Nyabusalu

Maiti ya Abdulshakur ilionekana kwa mbali, kutoka mapito ya juu yanayozunguka Ziwa Nyabusalu. Koti lake la mvua la rangi ya chungwa lilikuwa limenasa kwenye mafunjo. Mwenzake mmoja wa safari alidhani ni koti tu. Martina, muuguzi wa mjini Geita, ndiye aliyeuona mkono.

Mafunjo ya Nyabusalu hayashiki ardhi. Yamefumana juu ya maji kama mkeka, nyasi zimeota juu yake, na mgeni akiyaona hudhani ni uwanda mzuri wa kupigia picha. Hatua chache tu, mkeka unaachia. Wenyeji walimtoa kwa mtumbwi na kamba, wakamfikisha kitongojini kwa upande wa maji na kumlaza kivulini, nyuma ya ghala la mahindi.

Inspekta Zipora alikabidhiwa jalada siku ileile taarifa ilipofika Geita, ila kukabidhiwa kazi na kuifikia ni mambo mawili. Gari la polisi liliishia pale barabara ilipokata tamaa, ng'ambo ya machimbo ya Nyarugusu. Kutoka hapo ni miguu, kilima hadi kilima, kijito hadi kijito, na msitu umefunga mpaka jua linaingia kwa kuiba. Mgambo aliyeleta taarifa alitangulia, Zipora akafuata, na nyuma kabisa akaja Koplo Nasibu na mzigo wa vifaa vya uchunguzi.

Nasibu ni mtu wa Tanga, aliyezoea njia tambarare. Alilalamikia buti, akalalamikia upupu, akamalizia kwa kuwashangaa watu wanaoacha vitanda vyao na kuja kuteseka porini kwa hiari, begi mgongoni. Zipora alimwacha aseme. Mtu anayelalamika hupanda mlima bila kujijua.

Njia hiyo ndiyo waliyoipita marehemu na wenzake. Kila penye njia panda palikuwa na tawi lenye majani, limelazwa kukinga njia mojawapo. Nasibu alidhani ni kazi ya upepo. Zipora akacheka. Bibi yake kule Kharumwa alimfundisha angali mdogo kwamba anayetangulia huziba njia mbaya kwa ajili ya anayefuata. Lakini kabla ya kuziba, huita. Akijibiwa, husubiri mwenzake atoke, ndipo alaze tawi. Kumzibia njia mtu aliye ndani, bibi alisema, ni kumzika angali anapumua.

Nasibu akasema kwao wangeweka kibao, yakaisha.

Walifika siku ya pili alasiri. Mama Lusia, aliyewapokea mizigo, hakuuliza habari za marehemu. Alimvuta Zipora pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli watu wa dhahabu wanakuja, na kama wao watahamishwa. Zipora akamweleza kuwa amekuja kwa ajili ya maiti.

"Tunajua, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Maiti tumeshaiona. Hilo lingine ndilo hatujaliona."

Nyuma ya ghala, Nasibu aliziba pua kwa leso na kupiga picha. Zipora alikagua mwili taratibu. Hapakuwa na jeraha la silaha wala dalili ya kukabwa. Tope lilijaa mdomoni, puani na chini ya kucha zote, na viganja vilikuwa vimechanwa na mafunjo. Daktari wa Geita angethibitisha, lakini Zipora hakuwa na shaka kwamba mtu huyu alizama akiwa hai, na kwamba alipambana kwa muda mrefu. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Mtuhumiwa alikuwa tayari, amefungwa kamba kwenye nguzo ya zizi. Jina lake Pantaleo, mshirika wa marehemu katika biashara ya kununua dhahabu. Zipora aliamuru afunguliwe, kisha akakaa na Martina.

Martina alieleza bila kuongeza chumvi. Walikuwa wanne: yeye, wale wafanyabiashara wawili waliopenda kupanda milima, na kiongozi wao, Mageni, mwenyeji wa kitongoji hiki. Siku ya tatu ya safari Abdulshakur alijitenga kwa muda, akarudi anapiga mluzi. Jioni, kwenye moto, alifungua soksi na kutoa mawe. Hata asiyejua mawe aliuona unjano. Akasema kabla ya masika kwisha ataleta wachimbaji, na bonde zima litakuwa maduara, mashimo ya dhahabu matupu. Pantaleo alitaka aambiwe yameokotwa wapi. Abdulshakur akakataa. Wakagombana vibaya, na Pantaleo akamwambia atakufa nayo hayo mawe. Mageni alikuwepo, akichochea moto.

Asubuhi, baada ya chai, Abdulshakur alitangulia kwenda kupiga picha za ziwa. Wenzake walimfuata baadaye, wakaona tawi, wakashika njia ya juu. Walipoliona koti na kukimbia kurudi hemani, soksi ya mawe ilikuwa tupu.

Zipora akamwita Pantaleo.

"Ulimwambia atakufa nayo."

"Nilisema. Hasira, afande."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hemani. Malengelenge. Martina alikuwa ananifunga miguu."

"Muda wote?"

"Kuna muda alikwenda kuosha vyombo."

"Mawe yako wapi?"

"Ningejua yanakotoka, tusingegombana."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye tamaa, na Zipora aliliamini kwa sababu hiyo hiyo. Ila imani ya mpelelezi si ushahidi. Mgambo tayari alikuwa anamwita Pantaleo muuaji mbele ya watoto, na mahakamani ugomvi ule ungetosha kumtia matatani.

Mageni ndiye aliyewapeleka Zipora na Nasibu kwenye eneo la tukio. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, panga kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Poleni na milima."

Njiani alieleza yake. Jioni ile ya ugomvi, kabla ya mvua, alishuka hadi njia panda na kuiziba njia ya chini, iendayo kwenye mafunjo, kama alivyoziba njia mbaya zote tangu siku ya kwanza. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi yeye alikuwa msituni akimkatia Pantaleo fimbo ya kutembelea. Marehemu lazima aliruka tawi kwa ubishi. Kambi yao ilikuwa kando ya maporomoko ya kijito, hata angepiga kelele wenzake wasingesikia. Hadithi ilikaa sawa. Zipora alimpenda mzee yule, na alitamani iwe kweli.

Tawi lilikuwa bado pale, limekatwa kwa pigo moja la panga. Hakuna aliyelivuka tangu siku ile. Wenyeji hawavuki tawi, na Martina na Pantaleo walikuwa wameshazoea kulitii. Zipora alichuchumaa. Udongo wote wa pale ulikuwa na vishimo vidogo vidogo vya matone ya mvua. Akaliinua tawi polepole huku Nasibu akipiga picha.

Chini yake palikuwa na alama ya kiatu, nzima, kisigino hadi kidole, ikielekea ziwani. Michirizi ya soli ilikuwa ileile aliyoiona kwenye viatu vya marehemu nyuma ya ghala. Matone ya mvua hayakuigusa. Majani mawili ya tawi yalikuwa yamelala ndani yake, yameshika tope.

Kwanza mvua, kisha kiatu, kisha tawi.

Nasibu akashusha kamera. Kisha akanong'ona kwamba huenda Pantaleo ndiye aliyeliweka kupoteza ushahidi. Zipora akatikisa kichwa. Mtu wa mjini akishamwacha mwenzake azame, atageuka akimbie. Hatasimama kufikiria nani anafuata nyuma. Tena panga katika safari ile lilikuwa moja.

Wakakaa kwenye gogo, yeye na Mageni.

"Baba, tawi uliliweka jioni?"

"Jioni."

"Kabla ya mvua."

"Kabla."

"Basi marehemu alipitaje chini yake?"

Mageni aliitazama alama ile kwa muda. Hakuitazama kama mtu aliyekamatwa. Aliitazama kama mtu anayekumbushwa.

"Asubuhi ile, nani walikuwa nyuma yake?" Zipora akauliza.

"Martina. Na yule mwenzake, na miguu yake."

"Wangeikuta njia iko wazi."

"Wangeingia," Mageni akasema. "Wale hawakuwa na kosa."

Hapo Zipora alimsimamisha. Alimwonya kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Alimwonya polepole, mara mbili, kwa sababu sehemu ya moyo wake ilitaka mzee yule anyamaze. Mageni akasema ataeleza, asije akaozea gerezani mtu asiyehusika. Nasibu akatoa kalamu.

Zamani alikuwa na shamba mahali pengine, alisema, kabla dhahabu haijaonekana chini yake. Walihamishwa. Makaburi ya baba yake na ya watoto wake wawili yalifukuliwa, mifupa ikatiwa kwenye visanduku vidogo, ikazikwa upya kwenye safu ndefu. Mpaka leo hajui kisanduku kipi ni cha nani. Ndipo akaja huku milimani, ambako hakuna aliyechimba, na mkewe naye akamzika huku. Alipoyaona yale mawe karibu na moto alisikia mwili wote unapoa.

Jioni hiyo hakuiziba njia ya chini. Hakuwa ameamua neno, alisema, aliiacha tu. Na asubuhi Abdulshakur hakuuliza. Kwa siku zote walizotembea alifundishwa kuwa penye tawi usipite, pasipo tawi pita.

"Sikumsukuma, mayu."

"Najua."

"Nilisimama hapa."

"Halafu ukakata tawi."

"Nikakumbuka wanaokuja."

"Uliita?"

Mageni akageuka kuyatazama mafunjo.

"Kabla ya kuziba, baba. Uliita?"

"Yeye ndiye aliyekuwa anaita," Mageni akasema. "Aliita jina langu. Nikalaza tawi."

Kalamu ya Nasibu ilisimama. Zipora akamwashiria aandike.

Alipouliza habari za mawe, Mageni alisema aliyatoa kwenye soksi wenzake walipoondoka hemani, akayarudisha yalikotoka, maana bonde lile analijua jiwe kwa jiwe. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaomba.

"Andika nilimchukia. Andika alinitukana mbele za watu. Mawe yaache, mayu. Yule amekufa bila kusema mahali."

"Mawe ndiyo sababu, baba. Bila mawe mahakama itarudi kwa Pantaleo."

"Basi wachimbaji watakuja."

Zipora aligeuka kutazama ng'ambo ya ziwa, moshi wa jioni ukitoka kwenye nyumba za kina Mama Lusia. Akamwambia Nasibu aandike: mtuhumiwa alichukua mawe ili bonde lisichimbwe, akayarudisha yalikotoka.

"Yalikotoka wapi, afande? Mahakama itauliza."

"Mimi sikuuliza. Andika alichosema."

Lilikuwa swali ambalo mpelelezi yeyote angeuliza, na lilimkaa ulimini njia nzima ya kurudi kitongojini. Hakuliuliza.

Asubuhi walianza safari. Vijana wa kitongoji walibeba machela, Martina na Pantaleo wakafuata, na Mageni akatangulia na pingu mikononi, maana bado yeye ndiye aliyeijua njia vizuri kuliko wote. Walipofika njia panda alisimama. Tawi lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa vielelezo mgongoni mwa Nasibu, na njia ya chini ilikuwa wazi. Mageni aliinua mikono yake kidogo, akaishusha.

Zipora akachukua panga la mgambo, akakata tawi lenye majani mengi. Kabla ya kulilaza aligeukia mafunjo.

"Kuna mtu huko?" akaita kwa sauti.

Akasubiri. Wenye machela nao wakasubiri na mzigo wao mabegani. Mageni alikuwa analia bila kujificha. Hakuna aliyejibu, na Zipora akaita tena, akasubiri tena, ndipo akalaza tawi, wakashika njia ya juu.