Baiti za Mwisho za Enos

Risasi ya kwanza ilitoboa mlango wa lifti. Ya pili ilimchana Bosibori bega.

Hakusimama. Alipanda mbio ngazi za jengo lile la Hillbrow, bastola ya Glock mkononi, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mlinzi wa Gaston, mtu aliyekuwa akimsaka, alimfuata akihema. Bosibori alijibanza kwenye kona, akamngoja, akamshindilia teke la kifua. Jamaa alibingirika mpaka ghorofa ya chini, shingo ikavunjika.

Simu ikatetema. Alikuwa Mselem, mkuu wake wa kazi.

"Umefika?"

"Karibu."

"Fanya haraka. Mitambo ya umeme itaipokea programu wakati wowote."

Programu yenyewe iliandikwa na Enos, Mkenya mwenzake, mtaalamu wa kiini cha mfumo wa kompyuta huko Braamfontein. Alikuwa amebuni njia ya kasi ya kujaza sifuri kwenye kumbukumbu, ili siri za programu moja zifutike kabla nyingine haijapewa nafasi ile. Gaston, jasusi wa kukodiwa, alimteka akamlazimisha aruke baiti chache za mwisho, vipande vidogo vya data, zisifutwe. Nywila za mitambo zingesalia humo. Waliomtuma Gaston wangezisoma, kisha wangezima jiji zima.

Bosibori alikilipua kitasa kwa risasi, akaingia.

Enos alikuwa amefungwa kitini, vidole vya mkono wa kulia vimevunjwa. Gaston alisimama nyuma yake, kisu kooni mwa mateka.

"Weka bastola chini, madame."

Aliiweka.

Enos akajitupa ubavuni pamoja na kiti. Kisu kikampasua kidevu. Papo hapo Bosibori alinyakua birika la umeme lililokuwa likitokota, akammwagia Gaston usoni. Gaston alinguruma, akapapasa sakafuni kuitafuta bastola.

Bosibori aliifikia kwanza.

Risasi mbili za kifua.



Alimwambia Enos airudishe njia ya zamani, ya polepole, yaishe. Enos alikataa.

"Nifungue, dada. Mkono wa kushoto ungali mzima."

Aliandika kwa kidole kimoja, damu ikidondokea kibodi. Fungu la mwisho la sifuri alilipimia kutoka mwisho wa kumbukumbu kurudi nyuma, likapandana na lililotangulia. Hakuna baiti iliyosazwa. Akaituma programu kwenye mitambo.

Mselem akapiga tena. Programu iliyopokelewa ilikuwa safi, alisema, na ilikuwa na kasi kuliko ya zamani.

Bosibori alipomweleza, Enos aliufunika uso kwa mkono ule mzima, akalia.

Bosibori alimwitia ambulensi, akavaa koti juu ya jeraha, akashuka. Kwenye robot, taa za kuongozea magari pale kona, alingoja taa ya kijani kama watu wengine, akavuka.