Cherehani Ndani ya Simu

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafagia uwanja, nimeosha vyombo, na nimeketi dukani kwa Mzee Mwinyihaji, hapa Voi, nikingoja simu ya baba. Baba alifanya kazi Mombasa. Mwaka huo wa 1994 sisi hatukuwa na simu. Karibu mtaa mzima ulipigiwa kwa Mzee.

Mzee alikuwa na simu tatu: dukani, stoo, na nyumbani kwake nyuma ya duka. Namba ilikuwa moja tu. Ikipigwa, zote zinalia. "Niwe nakula, niwe napima sukari, inanipata!" alijisifu. Binti yake, Nasiha, alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Kalamu yangu ilikuwa yake, na yake yangu.

Jumamosi moja sauti ya baba ilikuwa nzito.

"Loise, kazi imekwisha. Kampuni inafungwa mwisho wa mwezi. Muhula ukiisha tutarudi kijijini Mghange tukalime. Usimwambie mama, unaijua presha yake. Nitakuja nimwambie mwenyewe. Ni wewe tu unayejua."

"Sitasema, baba." Kisha nikasikia trrr, trrr. "Baba, uko kwa fundi wa nguo?"

"Fundi gani? Niko kwenye kibanda cha simu."

Sikuuliza zaidi.

Jumatatu asubuhi Valentine, mwanafunzi mwenzetu, alinipokea mlangoni mwa darasa. "Eti baba yako amefutwa kazi? Mnaenda kulima viazi?" Watoto wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni mama alirudi kutoka bombani na ndoo tupu. Aliketi kitandani ameshika kichwa.

"Ulijua, Loise? Yaani foleni nzima ya maji imejua kabla yangu?"

Siku hiyo hakula, wala hakunitazama. Kesho yake alimtumia baba barua kwa dereva wa basi.

Jumamosi baba alipiga. "Nilikuamini wewe peke yako, Loise."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. "Haki ya Mungu, baba, sijamwambia mtu!"

Trrr, trrr. Cherehani tena! Dukani hapakuwa na cherehani. Aliyekuwa nayo ni Mama Mwanatumu, mke wa Mzee, na aliiweka katika chumba kile kile chenye simu ya nyumbani. Lo! Kumbe kuna mtu ameinua simu ile na anatusikiliza!

Nilimpa Mzee mkono wa simu. "Mzee, tafadhali sikiliza."

Akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Nasiha," alisema polepole ndani ya simu, "iweke chini, uje hapa."

Nasiha alikuja akilia. "Nilitaka tu kujua wanaongea nini. Nikamwambia Valentine, akaapa hatasema."

"Na mimi nikakuita rafiki!" nilifoka. "Umenifanya msaliti kwa baba na mama yangu!"

Mzee akamkabidhi mkono wa simu. Nasiha akamweleza baba kila kitu, kwikwi zikimkatiza. Niliporudishiwa simu, nilisikia baba akivuta pumzi. "Nisamehe, mwanangu," akasema.

Mzee alituketisha juu ya magunia. "Nasiha, niliifikisha namba hii mpaka nyumbani ili anayetutafuta asitukose. Anayezungumza hapa ni mgeni wetu, na maneno yake ni amana. Ukiyasikiliza bila ruhusa, umeiba. Sasa twende kwa Mama Loise, kisha bombani. Maneno yalikofika, ukaombe radhi huko huko."

Tulienda. Mama alimsikiliza Nasiha mpaka mwisho, kisha akanivuta kifuani kwake. Nasiha nilimsamehe, ila si siku hiyo.

Baba aliendelea kupiga simu mpaka mwezi ukaisha. Kila mara niliinua simu nikanyamaza kwanza. Simu zote zikilia, hata nyumbani waliinua, hivyo nilingoja kusikia "ka!", simu ya nyumbani ikirudishwa mahali pake. Ndipo niliposema, "Haloo, baba."