Jina Alilolipa Gari

Sogeeni huku karibu na moto, na mnyamaze. Hiyo redio izimwe. Kuna jina moja nitalitaja leo, na nikilitaja mtu asiitike, hata kwa mzaha.

Kagure alikuwa ameolewa huko Gakindu na Kihara, mwanamume mwema, ila alipenda vitu vya zamani kupita kiasi. Uhuru ukiwa bado mbichi, wazungu wakiuza mashamba na kwenda zao, Kihara alinunua gari la mzungu mmoja wa upande wa Nyeri: jeusi, la kuwashwa kwa hendeli, lenye honi ya mpira, ile ya kubinywa kwa mkono. Kila kitu kilikuwa chake cha asili, hata skrubu. Dereva wa yule mzungu, Mzee Salim wa Majengo kule mjini Nyeri, alipomkabidhi hendeli alimwonya kwamba gari lile lililala chini ya mkuyu miaka yote ya hali ya hatari, wakati wa Mau Mau, bila mtu, na kwamba asithubutu kulibandika jina. "Liite gari tu," alisema. Kihara akacheka mpaka nyumbani.

Akalipenda jamani. Nati ya lori chakavu hakutaka hata kuiona. Kipuri kisipokuwa cha asili, gari lingoje. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa keshalipangusa, keshalitia oili, anazungumza nalo. Majirani wakaja kutazama, na Theuri, yule mwenye mdomo, akampa Kagure pole: mzee amekuletea mke mwenza, tena huyu anakunywa petroli. Watu wakacheka. Kagure hakucheka sana. Simeon, mwanawe, alikuwa bado mgongoni na mimba ya pili imeshaonekana. Kihara akauona uso wa mkewe, akataka kuwanyamazisha.

"Huyu si mke," akasema, akilipiga gari kwa kiganja. "Ni mama yangu amerudi. Jina yake ni Wachuka."

Honi ikalia. Mara moja, kwa ufupi, kama mtu aliyeitwa akaitika. Na hapakuwa na mkono karibu nayo.

Mnajua kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Ndivyo nyanya hurudi nyumbani. Jina lile lilikuwa linamngoja aliye tumboni.

Tangu siku ile banda la gari likanuka mafuta ya mbarika, yale mama mkwe wa Kagure alikuwa akijipaka kichwani enzi za uhai wake. Kihara akasema ni ngozi ya viti. Lakini asubuhi za ukungu, Kagure akienda kukamua, alilikuta boneti lina joto kama mgongo wa ng'ombe, na gari halijawashwa tangu Jumapili, na kwenye kiti cha nyuma ngozi imebonyea mahali ambapo mtu mmoja mwembamba angeketi, na siku moja aliposimama kupatazama, pale palipobonyea pakainuka polepole, pakabonyea kando yake, kana kwamba aliyeketi amesogea kumpisha.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kihara akamwita kutoka mlangoni, kwa furaha: Wachuka. Honi ikaitika bandani.

Mtoto hakulia. Alinyonya kidogo, akawa anatazama paa tu, na kila alipoitwa ni honi iliyoitika, na kila honi ilipoitika miguu yake ilizidi kuwa baridi, mpaka Kagure akawa anaikumbatia kifuani na kuipumulia, huku akisikia kule nje ile sauti ndogo ya chuma kinachopata moto, tik, tik, na harufu ya mbarika ikipenya chini ya mlango.

Kihara akakimbilia Nyeri bila kofia kumleta Mzee Salim. Mzee akaingia bandani na Kurani yake, akasoma kwa sauti ya chini, akatoka jasho likimtiririka.

"Nilikuonya, mwanangu. Lilikuwa jini la mkuyuni, lisilo na jina, limelala tu ndani ya gari. Umeliamsha, ukalipatia la mama yako. Sasa linamtaka wajina wake, huyu mtoto, atoke."

"Nitachoma hiyo gari," Kihara akanong'ona.

"Ukilichoma gari, jini litahamia jina lilipobaki." Salim akamtazama mtoto. "Liachieni jina hilo. Huyu mpeni lingine."

"Na mama yangu? Atarudi kwa nani?"

Salim akaifunga Kurani yake. Kihara akaketi chini, akajishika kichwa. Kagure ndiye aliyeinuka. Alimfunika mtoto, akaenda naye mpaka mlango wa banda.

"Wachuka ni wewe," akaliambia lile lililomo. "Huyu si Wachuka." Kisha akamwinamia mtoto sikioni: "Murugi. Jina la mama yangu mimi."

Mtoto akavuta pumzi, akalia kilio cha siku zote alizonyamaza. Honi nayo ikalia mara moja, polepole, kama mtu anayeshukuru. Boneti likapoa.

Wanaume wakapigilia mbao mlango wa banda. Kihara hakulitamka tena jina la mama yake mpaka akaingia kaburini.

Basi Simeon alirithi kahawa ya kule juu. Murugi alirithi nyumba, ng'ombe, na banda lenye mbao. Jina halikurithiwa na mtu.

Ila jirani ana binti anayeitwa hivyo, huja kucheza pale. Murugi akimtaka hamwiti. Humfuata hadi alipo akamgusa begani. Mwezi uliopita mgeni wa Karatina, asiyejua, akamwita mtoto kwa jina, kwa sauti, aje achukue mandazi. Mtoto akaitika.

Mpira wa honi ile uliliwa na panya zamani. Ukichungulia kwenye ufa unaona mabaki yake. Lakini bandani pia kuliitika. Safari hii, kwa mdomo.