Libre Haiko Bule

"Fungua, mchawi weye! Tunachoma nyumba!"

Bidoni ya esanse, petroli tupu, ilikuwa mkononi mwa Ricky... Ricky yule yule niliyemlea kwa uji wangu! Nyuma yake, kundi zima la wachimbaji wa hapa Likasi.

Nikatoka na mwiko.

"Ricky, ukinichoma, nani atakupikia bukari?"

Hakuna aliyecheka. Hapo nikajua kuna maiti.

"Maji imeingia mu shimo, Nkambo! Iko mutu mule chini. Na simu hazikulia! Mutoe Hénoc!"

Hénoc ni mjukuu wangu, mimi nkambo, bibi yake. Ndiye aliyetengeneza ile programu: maji yakigusa waya shimoni, simu zote zinalia kengele, watu wanapanda. Akaigawa kwa kila mtu.

"Ni libre, Nkambo," aliniambia. "Haina kufuli. Kila mutu anaweza kuifungua, aone ndani, arekebishe."

Wao walisikia libre, wakasema bule, yaani bure. Na kwetu, mutu wa bule ni mutu asiye na maana!

Simu mpya zilipoingia, programu ikaanza kusinzia. Hénoc akaomba wamchangie unga tu, akae airekebishe.

Ricky akamcheka: "Kitu ya bule, unalipisha ju ya nini?"

Na sasa ananguruma mlangoni pangu:

"Iko wapi?"

"Ameenda bureau, na shati lake jeupe."

Kweli, ndivyo alivyoniaga kila asubuhi, kwamba anaenda ofisini! Mnaona ninakoelekea? Mimi sikuona.

Wakaja wengine, wamebeba mtu kwenye turubai. Ricky akamfuta matope usoni...

Bidoni ikamponyoka.

Kiunoni mwa Hénoc wangu kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani, shati jeupe, limekunjwa vizuri, lisichafuke.

Bureau yake ilikuwa shimo, wapenzi! Alijificha kwa wachimbaji wa upande wa pili, kwa aibu, kina Ricky wasimwone. Fundi wa kengele alichimba ili ale, chini ya kengele iliyolala.

Baada ya maziko, Ricky akaja, kichwa chini.

"Nkambo... mvua inakuja. Programu, nani atatengeneza?"

Nikamfungulia kompyuta ya marehemu.

"Ni libre, papa. Haina kufuli. Ingia!"

Akatazama yale maandishi... akatazama, asielewe hata mstari mmoja... akalia kama mtoto.

Nyie mnaonisoma: kitu cha libre hakina kufuli. Aliyekitengeneza ana tumbo linalotaka unga.