Chumvi ya Mume Wangu

Jioni ile tulitoka kutafuta chakula tu. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye sauti ya upole, alituuliza kama tutakula kwake, nami nikakataa kabla mume wangu hajafungua mdomo. Nilikuwa nimeshanusa kitunguu kilichoungua jikoni mwake. Nimeuza chakula kibandani tangu ujana wangu, na kwenye kitunguu hanidanganyi mtu.

Ilikuwa safari yetu ya kwanza isiyo ya msiba wala harusi. Watoto wamekua, tukasema na sisi tukatembee, tule vya watu, tuone ngoma za watu. Mume wangu ni fundi viatu; mtaani wanamwita Soli. Goti lake la kulia ni bovu, na tangu daktari ampime presha, chumvi nilimpigia marufuku kabisa. Mimi mwenyewe nilitembea na kichupa cha chumvi mkobani, maana siwezi kula kitu kilichopooza, lakini yeye alijua asikiguse.

Mwenye nyumba alitusindikiza hadi mlangoni. Akatuambia tusiende mbali. Nikadhani ni wivu wa biashara.

Ngoma tuliisikia lami ilipoishia. Tukaifuata. Tulipita maduka yaliyokuwa yakifungwa, tukapita ukuta mrefu wa ghala, na nyuma yake tukakuta uwanja. Watu walikuwa kwenye duara, wanacheza taratibu, mabega yakipanda na kushuka pamoja. Kwa kweli walicheza vizuri. Mume wangu alinishika mkono kama enzi za uchumba, nami nikafurahi sana.

Pembeni palikuwa na lundo la viatu. Wachezaji wote walikuwa peku. Soli hapiti kwenye viatu bila kuviangalia. Akainama, akageuza kimoja, akapuliza vumbi.

"Kazi nzuri hii," akaninong'oneza. "Mshono wa mkono. Lakini havijavaliwa siku nyingi, mke wangu. Tazama, buibui amejenga humu ndani."

Nikamwambia aache viatu vya watu.

Mwanamke mmoja aliyejitanda ushungi mpaka kwenye nyusi alitukaribisha mkekani, akatuwekea kila mtu sahani yake: wali, nyama, mboga za majani. Mvuke ukapanda. Nikainamisha pua kwa mazoea.

Hakuna harufu.

Mvuke upo, harufu hakuna... Kilichonukia ni udongo tu, udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi. Nikajiambia mafua yananinyemelea. Nikaonja. Chakula hakikuwa na chumvi hata chembe.

Mume wangu alicheka, akasema angalau leo amepata wapishi wanaomjali kuliko mimi. Akala. Alikula vizuri, bila kulalamika, nami nikajivunia kwamba nimemfunza. Yule mwanamke alipogeuka, nikatoa kichupa changu haraka, nikanyunyiza kwenye sahani yangu, nikakoroga, nikameza tonge.

Ngoma ikanyamaza.

Nilidhani wamepumzika. Nikainua macho. Wapigaji walikuwa bado wanapiga, mikono ikipanda, ikishuka juu ya ngozi. Wachezaji walikuwa bado wanakanyaga. Vumbi halikutimka. Sauti hakuna, hata ya unyayo... Nilisikia mbwa akibweka mbali, na pumzi zangu mwenyewe.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa akitikisa kichwa, kulia, kushoto, kulia.

"Mbona wamenyamaza?" nikanong'ona.

"Wanyamaze vipi? Ndiyo kwanza imekolea."

Sahani yake ilikuwa nyeupe, amemaliza chote. Alianza kufungua kamba za viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Alivipanga viatu vyake juu ya lile lundo, kimoja kando ya kingine, kama anavyovipanga vya wateja wake. Ndipo nilipoona kwamba duara lilikuwa na pengo. Pengo la mtu mmoja.

Kwenye harusi ya binti yetu, Soli alicheza amekaa kwenye kiti. Sasa alikwenda bila kuchechemea. Aliingia kwenye lile pengo na goti lake likajikunja na kukunjuka.

Nilimkimbilia. Nikamvuta shati, akawa mzito kama gunia lililolowa. Uso wake ulikuwa na raha ambayo sijawahi kumpa mimi, na hilo liliniuma hata katikati ya woga. Nikamimina chumvi kiganjani, yote iliyobaki, nikamsukumia mdomoni na kumfunga mdomo kwa mkono.

Akakohoa. Goti likamwangusha.

Na wote wakasimama.

Hakuna aliyetugusa. Waligeuza tu nyuso, wakatutazama. Yule mwanamke wa ushungi akanisogelea, karibu kabisa, na ule udongo ukanijaa puani.

"Hiyo itaisha, mwanangu," akanong'ona.

Sikumbuki njia tuliyorudi nayo. Nakumbuka uzito wa mume wangu begani, na nyayo zake tupu zikipiga kwenye lami.

Asubuhi mwenye nyumba alikuwa anafagia uani. Hakuuliza tulikwenda wapi. Aliuliza kama tulikula. Nikamweleza yote, nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakutuonya.

"Wageni nikiwaambia hucheka," akasema. "Wengine ndiyo huenda makusudi. Kwa hiyo nawapikia. Sijui kupika, najua, lakini chumvi natia."

Akaendelea kufagia kidogo, kisha akauliza kama kuna kitu tulichoacha kule.

"Viatu vyake."

Ufagio ukasimama. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko usiku wote. Alipofungua mdomo tena alisema tu tuwahi basi la asubuhi.

Nyumbani nilirudi kwenye taratibu zangu: mboga bila chumvi, nyama bila chumvi. Siku chache tu. Jioni moja nikamkuta mezani vidole vyake vinapiga ubao, na chini ya meza miguu yake inakanyaga taratibu, pamoja na kitu nisichokisikia. Nikamwekea chumvi kwenye ulimi. Miguu ikatulia. Akaniuliza kwa nini nalia.

Tangu siku hiyo nilimlisha chumvi. Niliificha kwenye mchuzi, kwenye uji, hata kwenye chai. Miguu ikatulia na presha ikapanda. Akaanza kuumwa kichwa, macho yakawa mekundu. Nilimuua kidogo kidogo ili nibaki naye, na nilijua ninachofanya.

Daktari aliuliza nani anampikia. Nikasema ni mimi. Binti yetu alikuwa ameketi pembeni, na jioni ileile akahamia kwetu na mabegi yake. Alimwaga chumvi yote ya nyumba, akanitoa jikoni.

"Mama, unataka kumuua baba?"

Ningemwambia nini? Nilifunga chumvi kidogo kwenye pindo la kanga. Kila jioni nilimpa Soli mkononi, akailamba bila kuuliza. Nadhani alijua.

Jana, jua likizama, alikuwa anakula alichopikiwa na binti yetu. Miguu ikaanza. Nikaishika ile kanga iliyoning'inia mlangoni. Pindo lilikuwa tupu, limenyooka, linanukia sabuni. Binti yetu alikuwa ameifua, kwa mapenzi tu, kunipunguzia kazi.

Nikamwambia amshike baba yake, asimwache hata kidogo. Akacheka. Nikakimbia kwa jirani peku. Jirani alikuwa anaswali, nikasubiri, nikashindwa, nikaingia jikoni kwake mwenyewe nikachota.

Niliporudi binti yetu alikuwa amesimama barazani na sahani tupu mkononi, anatabasamu.

"Mama, goti la baba limepona. Ungemwona anavyotembea, kama kijana."

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Amesema anafuata viatu vyake."