Kikohozi cha Nyumba ya Mwisho

Hebu niambie, ukisikia kikohozi cha baba yako kinatoka mahali ambapo baba yako hajawahi kukanyaga, utafanyaje?

Fundi aliacha sindano hewani. Alikuwa amekaa kitandani kwa mchumba wake, gauni lake mwenyewe la harusi limemjaa mapajani, anashona shanga za kifuani kwa mkono, maana shanga zile ukizipitisha kwenye cherehani zinapasuka. Mchumba alikuwa mezani, pazia ameliteremsha ili jua la alasiri lisipige kwenye kioo cha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kujaribu gemu kabla hazijauzwa. Kutwa anacheza, anatafuta penye kasoro. Baba yake Fundi alikuwa amempachika jina la Bwana Vitufe, na hakulipachika kwa mapenzi.

"Nani huyo kakohoa?"

"Gemu tu, Fundi wangu. Endelea na shanga zako."

"Gemu tu, na wewe jasho linakutoka?"

Vitufe akageuza kiti taratibu. "Kuna nyumba humu ambayo haifai kuwepo. Mwisho wa kijiji, pale. Na watu wananifungia milango, wakati mimi ni mwema kabisa."

"Nani kakupa huo wema?"

"Gemu yenyewe. Inakupima kwa kila unalotenda. Ukimsaidia mtu unapanda upande wa wema, ukiiba unashuka upande wa uovu. Halafu kuna kipimo cha pili, kama unashika sheria au unafuata kichwa chako. Kwa hiyo utamkuta mwema asiyejali sheria, na mwovu anayezishika zote bila kukosea."

"Huyo wa mwisho ni mama mwenye nyumba wangu."

Vitufe akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Alama yako inaonekana kwenye kivuli. Ukiwa mbaya kinakuwa cheusi, watu wanakukimbia. Ukiwa mwema kinakuwa cheupe, wanakukaribisha ndani."

Fundi akasogea. Kwenye kioo alisimama kijana mwenye upanga, kivuli chake cheupe kama maziwa. Kila alipopita, mlango ulifungwa. Hapakuwa na kelele wala hasira. Walimwona, wakafunga polepole, kama watu waliokubaliana.

"Na mtu akishaharibu, anajisafishaje?"

"Anagawa mikate. Unamkuta maskini, unampa mkate, unampa mwingine, mpaka kivuli kinarudi cheupe. Wajaribu wote tunafanya hivyo."

"Na yule aliyeibiwa?"

"Yule anabaki alivyo. Gemu haimuulizi."

 Vitufe akamwonyesha simu, ujumbe wa mwenzake wa kazini: *Kaka, kwetu hiyo nyumba haipo. Mwisho wa kijiji ni kisima tu. Pumzika, harusi imekupanda kichwani.*

Na hapo kikaja tena. Kikohozi kirefu, kinachoishia kwa mluzi mwembamba kama birika linalotaka kuchemka. Kisha ngo, ngo, kidole kikigonga ubao wa kitanda.

Shanga zikamwagika sakafuni. Tangu utotoni Fundi aliujua ugongaji ule. Baba akishikwa na kifua haombi maji kwa mdomo, anagonga ubao.

"Mpeleke huyo kijana mlangoni."

"Haufunguki, nimejaribu kila kitufe."

"Mpeleke."

Kijana wa kivuli cheupe akasimama mbele ya nyumba ya mwisho. Mlango haukufunguka. Chini ya kioo, panapotokea maneno ya wanakijiji, yakajiandika haya: *Uliambiwa umwambie.*

"Nani kaandika?"

"Sijui. Naapa sijui."

"Uliambiwa umwambie nani?"

Vitufe akainamia meza. Fundi akaanza kuyaona mambo ya siku za karibuni, moja baada ya jingine. Vyombo alivyokuwa akikuta vimeshaoshwa. Pasi mpya. Televisheni ya shangazi iliyotengenezwa bila kuombwa. Miguu yake iliyokandwa kila akitoka kibandani kwake kushona. Na yeye alikuwa akimtambia shangazi kuwa amepata mwanamume ambaye hata wa kuagiza haagiziki vile.

"Ulikuwa unagawa mikate," akasema.

"Fundi..."

"Umeniibia nini?"

Vitufe akashika kichwa. "Baba yako alipiga simu yako. Wewe ulikuwa unampima mteja, nikapokea mimi. Akasema, mwambie aje, naumwa, nina neno kuhusu huyo bwana wake. Nikajua ni kuvunja harusi. Nikaifuta ile simu kwenye kumbukumbu. Nikasema nikikutunza vizuri, nitakuwa nimelipa."

"Baba anaumwa, na wewe unaninunulia pasi."

Akampigia shangazi. Simu ikaita hadi ikakaribia kukatika.

"Shangazi, baba yuko wapi?"

"Leo ndiyo umemkumbuka? Yupo kitandani. Alisema alikupigia, na kama hutaki kuja, tusikusumbue."

"Yuko hai?"

"Njoo upesi, mwanangu."

Fundi alitoka na kitambaa cha kichwa mkononi. Vitufe akamfuata nyuma, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kufuata. Hakufukuzwa.

Chumba cha baba kilinuka dawa ya kuchua. Mzee alikuwa amelala upande, mkono juu ya ubao. Akagonga mara mbili. Fundi akamwinua kichwa, akamnywesha.

"Nilikupigia," mzee akasema.

"Sikuambiwa, baba."

Mlangoni, Vitufe alikuwa amevua viatu. Angeweza kunyamaza tena. "Ni mimi, mzee. Nilipokea nikaficha. Niliogopa utamwambia aniache."

Mzee akamtazama, kifua kikipiga mluzi.

"Wewe Vitufe una haraka. Hukungoja nimalize. Nilitaka akulete, nikuone usoni kabla sijafa. Jina nililokupa lilikuwa la dharau, nilitaka kuliondoa."

Vitufe akakaa chini palepale mlangoni. Simu yake ikalia, mwenzake wa kazini: *Kaka, sasa na kwetu hiyo nyumba ipo. Mlango wazi, ndani kitanda kitupu kimetandikwa. Umefanya nini?* Akamsogezea Fundi simu bila neno. Fundi akausoma, akageuka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa anapumua, kwa shida, lakini anapumua. Fundi akamshika mkono kwa nguvu.

"Mimi nitabaki hapa," akamwambia Vitufe. "Harusi sijui. Usiniulize leo."

"Sitakuuliza. Nikuletee nini? Nguo? Chakula? Niambie tu."

"Usiniletee kitu."

"Basi unataka nini, Fundi wangu?"

Fundi akapangusa mdomo wa baba yake kwa ncha ya kitambaa, akakikunja, akakiweka kando.

"Nilitaka ukiogopa uniambie, 'Naogopa.' Hilo tu ndilo nililotaka."