Saa Mia na Themanini za Darlene

"Nyumba ni yangu!" Darlene alisema. "Kwa nini nimpe mtu baki maelfu ya dola aniuzie nyumba yangu?"

"Ni yetu," Leonard alisema.

"Sawa, yetu. Na pesa ni zetu. Ndizo ninazookoa."

"Wewe okoa pesa. Mimi nataka kumwokoa mama."

Ilikuwa saa moja asubuhi na jua lilishaanza kuchoma. Leonard alikuwa akiburuta mpira wa maji wenye vitundu kuzunguka nyumba. Hapa Temple, Texas, watu humwagilia maua, nyasi na pia msingi wa nyumba. Udongo wetu mweusi ukikauka hujikunja, nyumba hukaa upande, na kuta hupasuka.

Darlene alimfuata mumewe hatua kwa hatua. Kwa mkono mmoja alishika simu, kwa mwingine kadi ya benki. Kwenye simu kulikuwa na kozi ya udalali wa nyumba. Alishajaza jina na anwani. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kulipia.

"Yule mwanamke wa kwenye video amesema wazi," aliendelea. "Pata leseni yako, uza mwenyewe, kamisheni ibaki mfukoni."

"Yule mwanamke anauza nini?"

"Anauza kozi."

"Ahaa!"

"Usiniambie ahaa, Leonard Kubena. Wewe unataka kumpa kazi Dwayne kwa sababu tu ni mtoto wa shangazi yako."

"Dwayne ana leseni."

"Hata mlevi ana leseni ya gari."

Simu ililia mkononi mwake. Alikuwa Albina, mama yake Leonard. Mwezi wa tano alianguka shambani kwake akavunjika nyonga. Sasa alikuwa kwenye kituo cha mazoezi ya wagonjwa, na kila asubuhi aliuliza swali moja tu.

"Mmeuza?"

"Bado, Mama," Darlene alijibu.

"Sanamu ya Mtakatifu Yosefu mmeizika uani? Kichwa chini, ili nyumba iuzike haraka?"

"Bado, Mama."

"Basi mnangoja nini? Mwenzangu wa kitanda cha pili anakoroma kama trekta. Siwezi kuzeekea hapa."

"Una miaka themanini na mbili, Mama."

"Ndiyo maana nina haraka."

Haraka ilikuwa ya kweli. Nyumba ya Darlene na Leonard ilikuwa ndogo. Kiti cha magurudumu cha Albina hakikupita kwenye mlango wa bafu. Wangempeleka wapi? Walikuwa wamepata nyumba nyingine Mtaa wa Walnut, yenye milango mipana na chumba cha nyuma chenye bafu lake. Mwenye nyumba alikubali kuwashikia hadi tarehe thelathini na moja Agosti, wauze kwanza ya kwao. Hakukubali siku moja zaidi. Na siku hiyo ilikuwa tayari tarehe ishirini na tano Juni. Wakiikosa Walnut, Albina angebaki na mkoromaji.

"Mnawaamsha hata wafu," sauti ilisema kutoka ng'ambo ya uzio.

Alikuwa Bi Ophelia Tillery, jirani yao. Alifanya kazi ofisi ya madalali wa nyumba kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Alikuwa na kikombe cha kahawa, na kalamu imechomekwa kwenye nywele zake nyeupe, kama siku zote.

"Bi Ophelia, mwambie huyu," Darlene alisema. "Nikipata leseni, si nitaweza kuuza nyumba yangu?"

"Unaweza kuiuza sasa hivi."

"Bila leseni?"

"Bila leseni. Sheria haikukatazi kuuza nyumba yako mwenyewe. Leseni ni ya mtu anayeuza nyumba za wengine kwa malipo."

Darlene aliitazama simu yake. "Kwa hiyo nilikuwa nalipia ruhusa ambayo tayari ninayo?"

"Kozi ni ya saa ngapi?"

"Mia na themanini."

"Unafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno kutwa nzima. Ukisoma saa mbili kila usiku, bila kukosa, ni siku ngapi?"

Darlene alihesabu. Uso ulimshuka. "Tisini."

"Hiyo ni mwisho wa Septemba. Baada ya hapo kuna alama za vidole, mtihani, na kungoja. Halafu leseni mpya haifanyi kazi peke yake. Lazima dalali mkuu akuchukue chini yake, na wengi hukata sehemu yao au hutoza ada. Na ukiuza nyumba yako ukiwa na leseni, lazima umwambie mnunuzi kwa maandishi kwamba una leseni."

"Umesikia?" Leonard alisema.

"Nyamaza wewe," Darlene alisema. Akairudisha kadi mfukoni. "Basi vizuri. Nitauza bila leseni. Leo leo."

"Inawezekana," Bi Ophelia alisema. "Wako wanaouza wenyewe na mambo yakaenda safi. Hebu tujaribu. Ingieni ndani, mfunge mlango. Mimi ni mnunuzi."

Darlene alicheka, lakini aliingia. Bi Ophelia alizunguka hadi mbele, akagonga. Alipofunguliwa hakusalimia. Aliangalia juu.

"Kuna ufa hapa juu ya mlango."

"Nyumba gani Temple haina ufa?" Darlene alijibu.

"Huu umezibwa juzi. Rangi haijafanana. Nani aliuziba?"

Leonard aliangalia viatu vyake. Aliuziba yeye Jumapili, baada ya kanisa.

"Na jiko ni dogo," Bi Ophelia alisema.

"Nimelea watoto wawili katika jiko hili dogo, na hakuna aliyekufa njaa!"

"Hasira za nini, mama? Mbona mnahama?"

"Mama mkwe amevunjika nyonga, na tusipouza kabla ya mwisho wa Agosti nyumba ya Walnut itatu..." Darlene alijiziba mdomo kwa mkono.

Bi Ophelia alichomoa kalamu kwenye nywele, akaandika kwenye kiganja chake.

"Unaandika nini?"

"Mwisho wa Agosti. Sasa najua la kufanya. Nitakaa kimya hadi tarehe ishirini na tano Agosti, ndipo nije na bei ya chini. Mtakubali. Hamtakuwa na njia."

Maji yalisikika yakitiririka nje, kwenye msingi.

"Nimemwaga siri zetu zote mlangoni," Darlene alisema polepole.

"Ndani ya dakika mbili. Anayeuza mwenyewe anahitaji muda, moyo baridi, na kujua bei za mtaa. Anahitaji mtu wa kufungua mlango saa nane mchana, wakati wewe uko kwa daktari wa meno. Una nini kati ya hivyo?"

"Nina hasira."

"Hiyo haiko kwenye orodha. Siku ukitaka udalali uwe kazi yako, nenda kasome. Una mdomo na unajua kuhoji watu. Lakini saa mia na themanini kwa nyumba moja, tena yenye tarehe shingoni? Hapana."

"Basi Dwayne," Leonard alisema.

"Sikusema Dwayne. Mpigie, umuulize ameuza nyumba ngapi hapa mjini mwaka huu."

Leonard alipiga. Dwayne alicheka sana kwenye simu.

"Nyumba za mjini? Hata moja! Mimi ni mtu wa mashamba na ng'ombe, kaka. Lakini kwa ajili yako nitajifunza."

"Jifunzie kwa mwingine, ndugu yangu," Leonard alisema. "Jumapili njoo ule."

Bi Ophelia aliandika majina matatu nyuma ya bahasha. "Msichukue wa kwanza kwa sababu ana meno mazuri. Ulizeni wote maswali yale yale. Umeuza nyumba ngapi mtaa kama huu? Bei yako umeitoa wapi? Mkataba wako unatufunga muda gani? Kamisheni haipangwi na sheria, mnajadiliana. Na leseni yake itazameni kwenye tovuti ya serikali, ni bure."

"Na ufa?" Leonard aliuliza.

"Kuna fomu ambayo muuzaji hueleza hali ya nyumba. Utaandika ufa, na utaandika kwamba uliuziba. Mkiuficha, mnunuzi anaweza kuwashtaki hata baada ya kuhamia. Wewe uliuziba ukuta. Udongo hujauziba."

Jumamosi walikuja madalali wawili. Wa tatu hakutokea wala hakupiga simu, wakalifuta jina lake.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye koti la bluu. Hata kabla ya kuona chumba cha kulala alitaja bei kubwa. Moyo wa Darlene uliruka.

"Umeitoa wapi hiyo bei?" aliuliza.

"Uzoefu," mwanamume alisema.

"Nyumba zipi mtaani zimeuzwa kwa bei hiyo?"

"Mama, niamini tu."

"Mkataba wako ni wa muda gani?"

"Miezi sita."

Darlene alimsindikiza hadi kwenye gari.

Wa pili alikuwa Rosalba Treviño, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea. Alizunguka nyumba mara mbili kwa nje kabla ya kuingia. Alikanyaga udongo, akausikiliza.

"Kwanza niambieni habari za ufa," alisema.

Leonard alimwambia yote. Rosalba alishauri walete mhandisi apime msingi, ili mnunuzi aone karatasi badala ya kubuni hofu yake. Kisha akaweka mezani nyumba tano zilizouzwa karibu, na bei zake. Bei aliyotoa ilikuwa chini ya ile ya koti la bluu.

Darlene alikunja uso. "Ni ndogo."

"Ni ya kweli. Bei ya ndoto itakaa miezi miwili, halafu tutaishusha, na watu watauliza nyumba ina ugonjwa gani."

"Mkataba?"

"Miezi minne."

"Sina miezi minne. Siku sitini."

Rosalba alifikiri. "Sitini. Lakini mnunuzi akitaka kuona nyumba, mtatoka. Hata kama mnakula."

"Na kamisheni ipungue."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimemaliza kufungasha nusu ya nyumba, na kwa sababu nimekuuliza."

Rosalba alicheka, akapunguza nusu asilimia. Darlene aliingia kwenye tovuti ya serikali, akaiona leseni yake, hai na safi. Akamtazama mumewe. Leonard alitikisa kichwa kukubali. Darlene aliufuta ukurasa wa kozi kwenye simu, kisha akasoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa, huku Rosalba akila kolache mbili, vile vimkate vitamu vya Kicheki, zenye jamu ya aprikoti. Leonard alijaza fomu ya hali ya nyumba. Kwenye sehemu ya msingi aliandika: *Kuna ufa juu ya mlango wa mbele. Niliuziba mimi.* Wote wawili wakatia saini.

Rosalba alitoa kibao cha "Inauzwa" kwenye gari. Leonard alichukua nyundo. Aligonga, aligonga tena. Nguzo haikuingia hata inchi moja. Ardhi ilikuwa kama tofali.

"Ngoja," Darlene alisema. Alivuta mpira wa maji kutoka kwenye msingi, akalowesha mahali pale hadi pakawa tope. Kisha akatoa sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu mfukoni, akaisukuma kwenye tope, kichwa chini.

"Darlene! Tumeshaajiri dalali."

"Huyu ni seremala. Anajua nyumba. Gonga."

Leonard aligonga. Nguzo iliingia. Simu ililia, na Darlene aliijibu kwa mkono wenye tope.

"Kelele gani hizo?" Albina aliuliza. "Mmeuza?"

"Bado, Mama. Tunapigilia kibao."

Upande wa pili mtu alisikika akikoroma.

"Waambie wagonge kwa nguvu," Albina alisema.